Orrin Haugen anawatafuta watoto wa simba aliyemuua yeye mwenyewe

Kumekucha, ila jua bado liko nyuma ya mlima. Orrin Haugen anaendesha pikapu yake mwendo wa kobe, kichwa nje ya dirisha, baridi ikimkata masikio. Haangalii barabara. Anaangalia ukingo wake, pale theluji ilipolala bila kuguswa, akitafuta nyayo ndogo zenye upana wa kikombe cha kahawa chungu.

Nyuma ya pikapu kuna sanduku la mbao lenye matundu, la kubebea mbwa. Leo ni tupu. Watu wa bonde hili la Mto Sallow hawajawahi kuliona likiwa tupu asubuhi ya theluji mpya.

"Angalia upande wako," ananiambia. "Karibu karibu. Usitazame mbali kama mtalii."

Mtalii! Nimeolewa katika bonde hili miaka kumi na saba iliyopita na theluji yake nimeipiga koleo mpaka mgongo ukaharibika. Lakini leo si siku ya kubishana naye. Nashusha kioo, natoa kichwa, natafuta.

Tangu Jumanne Orrin anafanya hivi, na leo ni Jumamosi. Anatafuta watoto wawili wa simba wa milimani ambao mama yao alipigwa risasi na yeye mwenyewe, kwa kibali cha serikali ya jimbo, mchana kweupe. Wana umri wa miezi miwili hivi. Bado wananyonya.

"Kama wako hai, leo ndiyo mwisho," anasema. "Kesho itakuwa bure."

Msomaji asije akamfikiria simba wa nyumbani Afrika. Huyu wetu hana manyoya shingoni, hangurumi, hatembei na kundi. Ni mnyama wa peke yake, na wapo watu waliozaliwa humu wakazeeka bila kumwona hata mmoja. Anayemwona ni mwenye mbwa. Mbwa hushika harufu, humfukuza, naye akichoka hupanda mti na kukaa juu akiwatemea mate. Hapo ndipo binadamu hufika, akihema.

Hiyo ndiyo kazi ya Orrin, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu. Kiangazi hutengeneza nyua za watu. Majira ya baridi, simu ya idara ya wanyamapori ya jimbo hulia. Mara nyingi wanataka simba apandishwe mtini ili achomwe sindano ya usingizi na kufungwa shingoni kola ya redio ya kumfuatilia. Mara chache simba ameua mifugo, na hapo wanataka auawe.

Kazi ya kwanza anaipenda kupita kiasi. Ya pili anaichukia, lakini hajawahi kuikataa. Analipwa dola mia mbili kwa siku anayoitwa, na kuna majira ya baridi ambayo haitwi mara kumi. Umeme wa nyumbani hulipwa na mkewe, LaVonne, ambaye ni mpishi wa shule.

"Watu hudhani naua kwa sababu napenda kuua," anasema, macho bado kwenye theluji. "Kama ningependa kuua, si ningekuwa tajiri?"

Baba yake ndiye aliyeua. Zamani hizo simba wa milimani hakuwa na mwenyewe wala mtetezi. Ulimkuta popote, wakati wowote, mama au mtoto, ukampiga, ukapeleka masikio ofisini ukalipwa. Orrin anakumbuka kopo la kahawa lililokuwa juu ya friji, halikuwa na kahawa ndani.

Kisha sheria ikageuka. Simba akawa mali ya jimbo. Pakawekwa msimu wa kuwinda, leseni, na idadi kwa kila eneo ambayo ikitimia uwindaji unafungwa. Pakawekwa pia kifungu kimoja kifupi kwamba jike mwenye watoto wenye madoa haguswi.

"Kila mtu anaamini kifungu kile kililetwa na watu wa mjini wanaofuga paka," anasema Orrin. "Wapi! Tulikiomba sisi, wenye mbwa. Nilikuwa kijana, nimeazima tai ya mjomba wangu, nikasimama mbele ya wabunge wa jimbo. Nikawaambia, ukiua mama umeua na nyumba nzima."

Sheria inasema jike mwenye watoto haguswi, lakini haisemi utajuaje kuwa ana watoto. Jike huwaficha wanawe chini ya jabali akaenda kuwinda peke yake, hata siku mbili. Ukikuta nyayo zake barabarani unaona nyayo za mnyama mmoja tu. Ndiyo maana wenye mbwa wana desturi yao, ambayo haikuandikwa popote.

"Ukikuta nyayo, mbwa wabaki sandukuni. Walie, wakwaruze, wabaki. Wewe unafuata nyayo kinyumenyume, kule alikotoka, si kule anakoenda. Kama ana watoto, huko nyuma mahali fulani nyayo zao zitaungana na zake. Ukiziona, unarudi nyumbani na kufunga mdomo, usimwambie hata mkeo, maana kuna watu wabaya."

Nikamuuliza unarudi nyuma umbali gani.

"Mpaka utosheke," akasema. Halafu pikapu ikasimama yenyewe kana kwamba mguu wake umesahau kazi.

Jumanne asubuhi aliitwa kwa Gaylon Strunk, mfugaji wa mbuzi anayetengeneza jibini na kuuza sokoni. Simba alikuwa ameruka ua mara mbili na kuua mbuzi watano, wanne wao wenye mimba. Kibali cha kumuua kilikuwa kimetoka, halali kabisa. Gaylon alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa katikati ya mizoga, analia bila aibu.

Orrin alizikuta nyayo nyuma ya zizi, mbichi, zinapanda mlimani. Akawaacha mbwa, akaanza kushuka upande wa pili.

"We Orrin!" Gaylon akamwita. "Simba kaenda huko, wewe waenda huku! Umelewa asubuhi yote hii?"

"Natazama alikotoka."

"Alikotoka mimi nakujua, ametoka tumboni mwa shetani! Fungua hao mbwa, bwana. Wana akili kuliko wewe."

Orrin aliendelea kushuka mpaka barabara ya wilaya. Alfajiri ile greda lilikuwa limepita likaikwangua theluji yote na kuirundika ng'ambo kama ukuta. Nyayo zikaishia hapo. Alichotakiwa kufanya ni kuvuka barabara, kupanda rundo lile la theluji na kuchungulia upande wa pili.

Hakuvuka.

"Goti lilikuwa linauma," ananiambia. "Gaylon analia kule juu. Mbwa wanapiga kelele. Nikasimama ukingoni, nikasema basi, inatosha. Miaka arobaini sijawahi kusema inatosha kabla ya kutosheka."

Akarudi, akafungua mbwa. Haikupita saa simba alikuwa juu ya msonobari. Orrin akamzunguka, akamtazama kadiri alivyoweza. Jike. Alikuwa amelalia tawi, tumbo limefichika, manyoya ya baridi ni marefu. Akapiga risasi moja.

Alipomgeuza juu ya theluji aliona manyoya ya chuchu yamelika, yameloa. Akaminya moja kwa kidole gumba. Maziwa yakatoka.

Gaylon naye aliyaona. Sasa hivi anasema anajutia alichosema, na ameniruhusu nikiandike. Alisema, "Nani atajua? Chukua ngozi, mzoga tutaufukia na mbuzi." Orrin alitoa simu akampigia Renae Kessel, askari wa wanyamapori wa wilaya yetu, binti wa rafiki yake, ambaye Orrin aliwahi kumfundisha kusoma nyayo, binti akiwa bado hana meno ya mbele.

"Renae, njoo," akasema. "Nimeua mama."

Kisha akashuka, akavuka barabara, akapanda lile rundo. Upande wa pili palikuwa na nyayo kubwa na nyayo ndogo za wanyama wawili. Wale watoto walimsindikiza mama yao mpaka barabarani, wakaogopa, wakageuka. Alizifuata mpaka upepo wa alasiri ulipozifukia.

Renae alifanya kazi yake. Alichukua leseni, akachukua bunduki, akamwambia mbwa wasitoke bandani mpaka kesi isikilizwe. Orrin akamwomba kitu kimoja tu, amwachie mbwa mmoja, Tansy, jike mzee, amfunge kamba aende naye kuwatafuta watoto.

"Tansy angewapata kabla chai haijapoa," anasema.

Renae aliomba ruhusa makao makuu. Jibu likawa hapana. Mbwa wa mtu aliyesimamishwa leseni haruhusiwi msituni, na hakuna mbwa yeyote anayeruhusiwa kupelekwa kwenye nyayo za watoto wenye madoa, kwa sababu mbwa wakiwafikia huwararua. Hiyo nayo imo ndani ya kifungu kile kile.

"Kifungu changu mwenyewe," anasema Orrin. "Hata kukitukana siwezi."

Basi anatafuta kwa macho, wakati pua ya kuwapata imefungiwa nyumbani inalia. Mimi ilinitia hasira na bado inanitia hasira. Yeye hasira hana. Amebaki na uchovu tu, na uso ambao umezeeka ndani ya wiki moja.

Habari imesambaa, na nyumbani kwake simu haikatiki. LaVonne ndiye anayepokea. Jana nilikuwa jikoni kwao wakati mwanamke wa mji wa mbali alipopiga kumwita mumewe muuaji. Hata simu haijapoa, mzee mmoja wa humu humu naye akapiga kucheka, eti Haugen siku hizi analilia paka.

"Nimewapa wote namba ya mchungaji," LaVonne akaniambia. "Wakatubu huko."

Akamwekea mumewe sahani ya nyama ya kulungu na viazi.

"Sina njaa," akasema Orrin.

"Nimekuuliza kama una njaa?"

Akala vijiko viwili, akasukuma sahani. LaVonne akaisukuma irudi. Wakaendelea hivyo, sahani inakwenda na kurudi, mpaka nikaona nitoke nje niwaache.

Leo, karibu na adhuhuri, tumeacha pikapu na tunatembea kwa miguu chini ya maporomoko ya mawe, mimi nyuma yake, viatu vikizama. Anasimama ghafla na kuinua mkono. Mimi sioni kitu. Anapiga magoti, anapuliza theluji laini polepole, na chini yake kuna unyayo mdogo wa duara.

"Ee Mungu wangu," anasema. "Ee Mungu, Mungu wangu."

Anatambaa. Mzee mzima mwenye goti bovu anatambaa juu ya mawe, nami namfuata nikitambaa. Chini ya jabali moja kuna uwazi mdogo, na ndani yake kuna manyoya yenye madoa. Watoto wawili wamekumbatiana. Anaingiza mkono. Wa kwanza amekauka kama kuni. Wa pili anafungua mdomo na kutoa sauti nyembamba ya kukaripia, meno yake kama punje za mchele.

"Karipia, mama," Orrin anamwambia. "Nikaripie vizuri. Haki yako."

Ni jike. Anamtia ndani ya koti lake, kifuani, anafunga zipu mpaka kidevuni. Mimi nalia. Yeye anacheka, mara ya kwanza wiki hii, kwa sababu kile kidude kimemng'ata chuchu.

"Anatafuta maziwa kwa mtu asiyekuwa nayo!" anasema. "LaVonne atacheka mpaka mwaka ujao."

Tunashuka. Njiani anazungumza bila kukoma, kama mtu aliyefunguliwa kutoka jela. Wa kwanza atamzika mwenyewe wakimruhusu. Huyu wa pili atapona, anayo nguvu ya shingo, umeona alivyogeuza shingo? Penye mtandao anampigia Renae, na kwenye pikapu tunamsubiri, kipasha joto kimewashwa mpaka mwisho. Kiumbe kinalala ndani ya koti. Orrin hapumui kwa nguvu asije akakiamsha.

Renae anafika. Anachungulia ndani ya koti, anatabasamu, kisha tabasamu linaondoka. Anarudi kwenye gari lake kupiga simu.

Hapa lazima nieleze sheria ya jimbo letu, maana bila hiyo mtu atamlaani Renae bure. Simba ni mali ya jimbo, na raia haruhusiwi kumfuga hata kwa siku moja. Idara nayo hailei mtoto yatima kisha ikamwachia porini, kwa hoja kwamba aliyelelewa na watu atarudi kwa watu, na siku atakaporudi atakuwa na uzito wa mtu mzima. Apatikane mwenye bustani ya wanyama wa kumpokea. Asipopatikana, anamalizwa.

Tunamwona kupitia kioo. Anapiga, anasubiri, anazungumza, anakata, anapiga tena. Mara moja anagonga usukani kwa ngumi. Kahawa ya Orrin inapoa bila kuguswa, maana mikono yake yote miwili iko ndani ya koti.

Renae anarudi na kusimama dirishani.

"Wamejaa, Mzee. Wote."

"Umeuliza jimbo la jirani?"

"Nimeuliza majimbo matatu. Majira haya kila mtu ana yatima."

"LaVonne atamkalisha jikoni. Wiki moja tu. Nafasi itapatikana."

"Nimewaambia hivyo. Nimewaambia nitamweka kwangu mimi, bafuni. Hapana. Wamesema hapana, Mzee, nimewabembeleza kama mtoto."

Orrin anatazama mbele kupitia kioo. Haelekei kuwa anaona kitu.

"Basi nipe bunduki yangu," anasema. "Hii kazi ni yangu."

"Huruhusiwi kushika bunduki. Unajua."

"Renae."

"Unajua, Mzee! Usinifanyie hivi!" Sauti yake imepasuka, na pale dirishani si askari tena, ni msichana wa jirani mwenye sare.

Orrin anashuka kwenye pikapu. Anavua koti katika baridi ile, anabaki na shati, analitandika juu ya theluji kando ya barabara na kumlaza yule mtoto juu yake. Mtoto anataka kurudi ndani ya mkono wa koti, kwenye joto. Orrin anamwekea kiganja mgongoni, naye anatulia. Anamsemesha maneno ambayo sikuyasikia, na sikumuuliza.

Renae anasimama na bastola. Anaishika kwa mikono miwili.

"Ondoa mkono, Mzee," anasema.

Hauondoi.

"Orrin, tafadhali. Nakuomba. Ondoa mkono."

Anauondoa. Mlio ni mdogo kuliko nilivyotarajia. Renae anakwenda nyuma ya gari lake, na Orrin anakwenda kumshika bega, bila koti, theluji imeganda kwenye nyusi zake. Nimeandika habari za mafuriko na za moto wa msitu, na sijui habari nyingine iliyonifanya nione ni bora ningekuwa na kazi tofauti.

Alasiri tuko jikoni. LaVonne ameshaambiwa. Amempa mumewe koti jingine la zamani na kumfunga vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, ingawa wako ndani ya nyumba na jiko linawaka.

Kesi inasikilizwa Alhamisi ijayo. Wakili wa kujitolea amemwambia ni jambo jepesi. Aliripoti mwenyewe, Renae atamtetea kwa ushahidi, kibali kilikuwepo. Aseme ni bahati mbaya, atatozwa faini ndogo, na leseni itarudi kabla ya theluji ya kwanza ya msimu ujao. Idara yenyewe inataka irudi, kwa sababu haina mtu mwingine wa mbwa katika bonde zima.

Namuuliza anatumaini nini. Ni swali letu sisi waandishi, tunalitoa mwishoni hata mahali lisipofaa, na nililitoa kwa aibu.

"Natumaini hakimu ataichukua leseni," anasema. "Aichukue moja kwa moja, asiirudishe kamwe. Nitamwomba hivyo."

"Huna haja ya hakimu," LaVonne anamwambia polepole. "Si unaweza kuacha mwenyewe? Leo hii, hapa mezani. Sema tu umeacha."

Orrin anafungua mdomo kulisema. Tunamsubiri, mimi na mkewe. Anaufunga, anajaribu tena.

"Asipoichukua," anasema, "simu italia, Gaylon mwingine atakuwa analia na mbuzi wake, na mimi nitakwenda. Unanijua, LaVonne. Nitakwenda."